Kwa nini familia husubiri miaka kwa treni ya dakika tatu

ORLANDO, Marekani

KWA muda mrefu kabla ya Mei 2014, wageni waliofika katika bustani ya burudani ya Magic Kingdom, jimboni Florida, walikuwa wakichungulia juu ya ua wa ujenzi kuutazama mlima ambao haukuwapo hapo awali.

Mlima huo haukuumbwa na maumbile. Ulijengwa kwa chuma na saruji, ukapakwa rangi ya mwamba, ukapandwa nyasi na miti. Ndani yake na kuuzunguka ilikuwa ikitandazwa reli ya treni ya burudani, ile iitwayo rola kosta, iliyopewa jina la Seven Dwarfs Mine Train, yaani treni ya mgodi wa vibete saba wa hadithi ya Snow White.

Mradi ulitangazwa Januari 2011. Watoto hawakuupanda hadi Mei 28, 2014. Safari yenyewe, tangu treni inapoondoka kituoni hadi inaporudi, haifiki dakika tatu.

Mtu asiyezifahamu bustani hizi anaweza kuuliza ni kitu gani cha kungojewa hivyo. Bustani hiyo tayari ilikuwa na treni nyingine za aina hiyo, na nje ya Orlando zipo zenye kasi maradufu na vilele virefu mara kadhaa. Jibu halimo katika kasi wala kimo cha mlima, bali katika kimo cha mtoto.

Mlangoni mwa kila rola kosta husimama kijiti cha kupimia. Mtoto aliye chini ya alama hapandi, hata akilia, hata kama wazazi wake wamevuka bahari kumleta. Wasomaji wenye umri mkubwa wanakumbuka utaratibu unaofanana na huo: mtoto aliyepelekwa kuandikishwa darasa la kwanza alitakiwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kulishika sikio la upande wa pili. Asiyelifikia alirudishwa nyumbani angoje mwaka mwingine. Uchungu wa watoto hao wawili ni mmoja.

Katika Magic Kingdom ya mwaka 2014, treni ya giza ya Space Mountain ilidai sentimita 112. Big Thunder Mountain ilidai 102. Iliyobaki ni Barnstormer ya sentimita 89, ambayo humalizika kwa muda wa dakika moja hivi, na ambayo kijana wa miaka kumi huipanda mara moja tu ili kumridhisha mdogo wake.

Treni ya vibete iliwekewa alama ya sentimita 97, kimo ambacho watoto wengi hukifikia baada tu ya kutimiza miaka mitatu. Tofauti ya sentimita tano kati yake na Big Thunder yaonekana ndogo, lakini kwa mtoto wa umri huo ni kukua kwa miezi minane au zaidi. Familia iliyopanga likizo moja kwa miaka kadhaa haiwezi kuiahirisha hadi mtoto aongezeke sentimita tano.

Hiyo ndiyo maana ya rola kosta ya familia: si ya watoto, wala si ya vijana wanaotafuta kutishwa, bali ile ambayo bibi, baba na mjukuu wanaweza kuketi katika treni moja, na kila mmoja akashuka akiwa na la kusimulia. Kuijenga ni kazi ngumu kuliko kujenga ya kutisha, kwani mjenzi analazimika kumfurahisha mkubwa bila ya kumwogopesha mdogo.

Mabinti wa kifalme waondolewa

Mpango wa kwanza haukuwa na treni. Mwaka 2009 kampuni ya Disney ilipotangaza upanuzi wa eneo la Fantasyland, ramani ilijaa nyumba ambamo wageni wangekutana na mabinti wa kifalme wa filamu zake. Wapenzi wa bustani hiyo walinung'unika kwamba familia yenye mtoto wa kiume ingefika pale ikakosa la kufanya. Malalamiko hayo yana kasoro yake, kwa kuwa wasichana nao hupenda treni, lakini yaligusa ukweli kwamba eneo jipya lingekosa kivutio cha kuwakusanya wote.

Mwaka 2011 ramani ikabadilishwa. Nyumba za mabinti wa kifalme zikafutwa, na nafasi ikapewa mgodi.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama yake. Ili mabinti hao wapate ukumbi mwingine, ilibidi kukifunga kivutio cha zamani cha Snow White's Scary Adventures, kilichokuwapo tangu bustani ilipofunguliwa Oktoba 1, 1971. Kilifungwa Mei 31, 2012, na wapo waliofika siku hiyo kukiaga kama anavyoagwa jamaa anayehama. Baadhi ya sanamu zake za vibete hazikutupwa. Zilihamishiwa katika nyumba ndogo iliyo mwishoni mwa reli mpya, na mzazi aliyeziona utotoni aweza kuzitambua.

Kutoka makaa ya mawe hadi kwenye burudani

Mgodi na rola kosta ni ndugu wa siku nyingi. Huko Mauch Chunk, jimboni Pennsylvania, mwaka 1827 ilijengwa reli ya kuteremshia makaa ya mawe kutoka mlimani kwa nguvu ya mvutano wa ardhi pekee. Watu wakaona raha ya mteremko ule, na baadaye reli hiyo ikawa ya kubeba watalii waliolipa nauli ili washushwe.

Mwaka 1884, LaMarcus Thompson alifungua reli ya mfano huo huko Coney Island, New York, kwa nauli ya senti tano. Kasi yake ilikuwa maili sita tu kwa saa, na bado watu walipanga foleni. Warusi walikuwa wamewatangulia kwa vilima vya barafu vya kuteleza, na ndiyo sababu Wafaransa huiita burudani hii milima ya Kirusi. Warusi wenyewe, kwa kichekesho cha historia, huiita milima ya Kimarekani.

Hatua kubwa iliyofuata ilitokea katika Disneyland ya California mwaka 1959, ilipofunguliwa Matterhorn Bobsleds, ya kwanza kutumia reli ya mabomba ya chuma. Bomba hupindika kwa namna ambayo mbao hazikuweza, na ndilo lililowawezesha wajenzi kuificha treni ndani ya mlima wa bandia.

Hata kampuni iliyotengeneza reli ya vibete ina asili hiyo. Vekoma ya Uholanzi iliwahi kutengeneza vyuma vya migodi ya makaa ya mawe ya nchi hiyo, kabla ya migodi hiyo kufungwa na kampuni kujitafutia kazi nyingine.

Behewa linalobembea

Treni ya namna hii haina injini. Mnyororo huivuta hadi kileleni, kisha huiachia. Kuanzia hapo kasi yake hutokana na urefu wa mteremko, wala si uzito wa abiria: msuguano ukiwekwa kando, baba wa kilo 90 na mtoto wa kilo 18 hushuka kwa mwendo ule ule. Treni ya vibete hufikia kilomita zipatazo 55 kwa saa, na hiyo ni pungufu ya basi la abiria katika barabara kuu.

Jambo jipya ambalo wapenzi walilingojea ni mabehewa yake. Kila moja limeshikiliwa mbele na nyuma kwa mhimili, mithili ya susu, likaachwa huru kubembea kushoto na kulia. Treni ya kawaida inapokata kona, abiria husukumwa ubavuni na bega likagonga ukuta wa behewa. Behewa linalobembea hulala lenyewe, nguvu ile ikampata abiria kupitia kiti alichokalia. Mwili huhisi kuwa unakwenda kasi sana, na shingo ya mtoto haitikiswi.

Katikati ya safari treni hupunguza mwendo na kuingia mgodini, ambamo vibete wanachimba vito huku nyuso zao zikichezeshwa kwa picha za mwanga zinazotoka ndani ya vichwa vyao. Baadhi ya wapenda kasi waliikosoa sehemu hii kwamba inaipoozesha safari. Ukosoaji huo hausimami. Mtoto wa miaka minne aliyetoka kwenye mteremko wa kwanza anahitaji mahali pa kupumua na kuuliza kama yamekwisha, kabla ya kuvutwa tena kileleni.

Foleni na hesabu yake

Kusubiri hakumaliziki siku ya ufunguzi. Treni moja ya vibete huchukua abiria 20. Ikiwa treni itaondoka kila baada ya sekunde 45, watu 1,600 watapanda kwa saa. Mama mmoja akichelewa kumfunga mwanawe na treni ikaondoka baada ya sekunde 60, idadi hushuka hadi 1,200. Katika siku ya saa 12 hao ni watu 4,800 waliokosa nafasi kwa sababu ya sekunde 15.

Haiwezekani kuharakisha kwa kuzisonganisha treni. Reli imegawanywa katika sehemu, na kompyuta hairuhusu treni kuingia katika sehemu ambayo iliyotangulia haijatoka. Kasoro yoyote ikihisiwa, zote husimamishwa kwenye breki. Abiria hukasirika, lakini kusimama huko ndiko kufanya kazi kwa mfumo.

Somo la jambo hili lilionekana wazi katika bustani jirani ya Islands of Adventure ya kampuni ya Universal. Juni 13, 2019 ilifunguliwa hapo Hagrid's Magical Creatures Motorbike Adventure, ya hadithi za Harry Potter, ambamo abiria mmoja huketi juu ya pikipiki na mwenzake katika kigari cha pembeni. Muda wa kungoja ulifikia saa 10. Msomaji asidhani ni saa kumi ya jioni: watu walisimama kwa muda wa saa kumi kamili.

Reli hiyo ina urefu wa mita 1,540. Treni husukumwa mara saba, hurudi kinyumenyume, na mahali fulani kipande cha reli hudondoka pamoja na treni yake kwa karibu mita tano. Kila kipande kinachosogea ni jambo moja zaidi ambalo kompyuta lazima ijiridhishe nalo. Ikaongezeka na radi za kiangazi cha Florida, ambazo hulazimu treni za nje kusimama. Katika majuma ya mwanzo bustani ililazimika kuchelewesha kuifungua hadi mchana, ili mafundi wapate muda wa kuikagua.

Kwa alama yake ya sentimita 122, ambayo wengi huifikia wakiwa na miaka saba hivi, treni hiyo iliwaacha nje wadogo wengi waliozijua hadithi zenyewe kwa moyo. Universal ilipofungua bustani yake ya Epic Universe Mei 22, 2025, treni ya familia ya Hiccup's Wing Gliders ilishusha kijiti hadi sentimita 102, ingawa hufikia kilomita 72 kwa saa.

Kwa asiyefikia kijiti, bustani hizi zina utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja hupanda huku mwenzake akibaki na mtoto, kisha hubadilishana bila ya wa pili kupanga foleni upya. Utaratibu huo hautozwi. Kinachotozwa ni kuruka foleni. Disney ilipoanza kuuza nafasi hizo Oktoba 2021, mahali pa tiketi za haraka zilizokuwa za bure, treni ya vibete ilikuwa miongoni mwa vivutio vilivyouzwa peke yake, nje ya kifurushi cha vingine.