Daftari la magari ndani ya kompyuta

Ndugu msikilizaji, ukipita katika mitaa ya Dar es Salaam, tangu Sinza hadi Mbagala, utaona vibao vidogo vimepigiliwa misumari kwenye miti na nguzo: magari ya kukodi, piga namba hii. Nyuma ya kibao cha namna hiyo aghalabu hakuna kampuni kubwa. Kuna mtu na mkewe, au ndugu wawili waliochangishana, wana Toyota Noah tatu, Hiace moja, na pengine Land Cruiser ya kuwapeleka wageni mbugani. Watu wa harusi wanakodi, watu wa msiba wanakodi, na ifikapo Desemba wenyeji wa Kilimanjaro wanakodi kila chenye magurudumu manne. Wiki hii napenda tuzungumze juu ya biashara hiyo ndogo, na juu ya kitu kinachobisha hodi mlangoni pake: programu ya kompyuta ya kusimamia magari.

Programu hizo zinauzwa kwa maneno mengi. Anakuja kijana nadhifu, ana kompyuta yake kwapani, anamwambia mwenye magari: "Bosi, hutaibiwa tena." Bosi naye, ambaye usiku halali akiwawazia madereva wake, anatoa fedha papo hapo. Ananunua kitu hicho kama mtu anayenunua mbwa wa kulinda nyumba. Mimi nasema hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda kombo. Wizi upo, hakuna anayebisha. Lakini katika biashara ndogo za magari nilizopata kuziona kwa karibu, fedha nyingi zaidi zinapotea bila kuibiwa na mtu yeyote.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mwenye magari 7, katika mwezi wa siku 30, ana siku 210 za kuuza. Siku ni bidhaa yake, kama nyanya kwa muuza nyanya, na siku ikipita bila gari kutoka, imeoza. Tuseme gari moja linakodishwa kwa shilingi 100,000 kwa siku, na mwezi huo siku zilizouzwa ni 126. Siku 84 zimelala. Ukimwuliza mwenye mali kwa nini zimelala, atakwambia biashara ni ngumu. Lakini ngumu kwa gari lipi? Siku ngapi gari lilikuwa gereji likingoja spea? Siku ngapi lilikuwa zima kabisa, mteja akapiga simu, akaambiwa hakuna gari kwa kuwa aliyepokea simu hakujua kwamba Noah nyeupe imekwisha kurudi? Akiokoa siku 10 tu kati ya hizo 84, ni shilingi milioni moja. Sidhani kama madereva wake wote wakiungana wangeweza kumwibia mafuta ya kiasi hicho kwa mwezi.

Sasa programu yenyewe inafanya nini? Ukiivua mapambo yake, ni daftari. Kila gari lina ukurasa wake: namba, kilomita zilizosomwa lilipotoka na liliporudi, kiasi cha mafuta, tarehe ya kumwaga oili, tarehe ya bima kwisha, gharama za gereji. Kila mteja ana ukurasa wake: leseni, amana aliyoweka, deni alilobakiza. Na ipo kalenda inayoonyesha gari lipi limeahidiwa nani, ili gari moja lisiahidiwe maharusi wawili Jumamosi moja.

Utaniuliza, hayo yote si yamo katika daftari la kaunta lililoko juu ya meza? Ndiyo, yamo. Tofauti ni kwamba daftari la karatasi limepangwa kwa njia moja tu, nayo ni tarehe. Leo limetoka gari hili, kesho lile. Ukitaka kujua gari moja limekula nini tangu Januari, itakubidi ufunue kurasa mia mbili. Kompyuta inaweza kuyageuza maandishi yale yale ikakupangia kwa gari, kwa dereva, au kwa mteja, katika muda wa kumeza mate. Yaliyoandikwa hayabadiliki. Kinachobadilika ni maswali unayoweza kuuliza.

Nitoe mfano ninaoufahamu. Bwana mmoja wa Kinondoni alikuwa na dereva wa miaka mingi ambaye alianza kumshuku. Noah aliyokuwa akiiendesha mara nyingi ilikuwa inakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Taratibu ikawa inakwenda 7. Safari ya kilomita 420, ambayo ilihitaji lita 42, sasa ilikuwa inataka lita 60. Zile lita 18 zimekwenda wapi? Kwa bosi jibu lilikuwa wazi: zimenyonywa kwa mpira, zimeuzwa njiani. Barua ya kumwachisha kazi dereva yule, mtu mwenye watoto shuleni, ilikwisha kuandikwa.

Wakati huo binti wa bosi alikuwa akiingiza risiti za miezi ya nyuma katika programu. Alipopanga mafuta kwa dereva, mtu yule alionekana mwizi kweli. Alipopanga kwa gari, sura ikawa nyingine. Noah ile ilikuwa inakula vile vile hata ilipoendeshwa na madereva wengine watatu, na yule mshukiwa, alipopewa gari jingine, alikuwa anapata kilomita zake 10 bila shida. Gari likapelekwa kwa fundi. Breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imeganda, haiachii sawasawa, na gari lilikuwa linavuta mguu huo kama mgonjwa usiku na mchana. Barua ikachanwa.

Angalia, ndugu msikilizaji: habari zote hizo zilikuwamo katika daftari la zamani. Risiti zilikuwapo, kilomita zilikuwapo. Hakuna aliyeweza kuziona. Na kama kilomita zisingeandikwa kwa uaminifu kila gari lilipotoka na kurudi, kompyuta nayo isingeona kitu. Kwa hiyo mwenye magari anayefikiri kwamba programu itamwondolea kazi ya kuandika, afadhali asiinunue. Dawa ndogo niliyoiona ikifaa ni kupiga picha ya dashibodi kwa simu, gari likitoka na likirudi, mbele ya mteja. Mabishano yanapungua.

Nije kwenye kile kifaa kinachopendwa kuliko vyote, kile cha kuonyesha gari lilipo. Wengi wanaamini kwamba kuna setilaiti huko juu inayolitazama gari kama mwewe anavyotazama kifaranga. Sivyo. Setilaiti za mfumo wa jipiesi, ambazo ni za Marekani na zinazunguka kiasi cha kilomita 20,000 juu yetu, hazioni gari wala hazijui kwamba lipo. Kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo, basi. Kifaa kilichofichwa chini ya dashibodi kinasikiliza matangazo hayo na kupima kila tangazo limechukua muda gani kufika. Mawimbi yanakwenda kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwa hiyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde linakupoteza mita 300. Ndiyo maana kifaa kinahitaji setilaiti nne: tatu zingetosha kupata mahali, lakini ya nne inasaidia kurekebisha saa yake, ambayo ni saa ya bei rahisi. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wanaharibu kwa makusudi usahihi wa matangazo hayo kwa raia. Walipoacha, biashara hii ikafunguka.

Kifaa kikishajua mahali kilipo, kinatuma habari hiyo kwa laini ya simu ya kawaida. Kumbe basi bando likiisha, bosi anaona gari limesimama Chalinze hali limekwisha kufika Morogoro. Gari likiingia porini ambako hakuna mtandao, vifaa vizuri huhifadhi njia vilivyopita na kuituma baadaye, vibaya hunyamaza. Mwizi aliyezoea kazi atalitafuta waya la betri kwanza. Si kitu cha kudharau: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, inafuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa vifaa vya namna hii. Lakini LATRA ina watu wa kukaa mbele ya kioo. Mwenye Noah tatu hana, na ramani isiyotazamwa ni picha ya ukutani.

Kwangu mimi, kipengele chenye faida kuliko ramani ni kile cha kukumbusha tarehe. Hakina mvuto hata kidogo. Asubuhi kinakwambia bima ya gari fulani inakwisha baada ya siku kumi na nne, au kwamba Hiace imefikisha kilomita 5,000 tangu oili ilipomwagwa. Mama mmoja ninayemfahamu alikodisha gari ambalo bima yake kubwa ilikuwa imekwisha siku nne kabla. Likagongwa na kuharibika kabisa. Hakukuwa na cha kudai, na mkopo aliolinunulia bado anaulipa kwa gari ambalo limekwisha kuuzwa vyuma chakavu. Tarehe ilikuwa imeandikwa. Ilikuwa imeandikwa kwenye kabrasha, ndani ya kabati.

Kuhusu bei, tahadhari. Programu nyingi hizi hazinunuliwi, zinakodiwa kwa mwezi, kwa kila gari, na nyingine zinadai dola. Ni kichekesho kwamba mkodishaji naye anageuka mpangaji. Zipo za bure kama Traccar, ambayo ni ya kufuatilia magari, lakini zinataka mtu anayejua kuzisimika na kuzitunza. Mwenye magari matatu anaweza kuanza na jedwali la Excel na asipungukiwe kitu kwa mwaka mzima. Yule kijana nadhifu aulizwe swali moja kabla ya kulipwa: siku nikiacha kukulipa, nitapewa kumbukumbu zangu zote katika faili ninaloweza kulifungua mwenyewe? Akianza kuzunguka, muage kwa heshima. Na hata akijibu vizuri, ratiba ya kesho ichapwe kwenye karatasi kila jioni. Mei 2024 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilipokatika, mtandao ulizorota nchini, na aliyekuwa na kalenda yake huko tu alishindwa hata kujua nani anakuja kuchukua gari.

Limebaki suala la mteja. Gari lenye kifaa hiki linajua mteja alilala wapi, alikwenda hospitali gani, alisimama nyumba ya nani usiku. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haimruhusu mwenye gari kukusanya mambo hayo kimyakimya. Mteja aambiwe kwa maandishi, katika mkataba, kabla ya kutia sahihi: kwamba gari lina kifaa, kwamba habari zitatunzwa kwa muda gani, na nani ataziona. Dereva wa kuajiriwa naye aambiwe hivyo hivyo.

Vipo pia vifaa vinavyoweza kuzima injini kutoka ofisini, na nimesikia mtu akijisifu kwamba alimzimia mteja aliyechelewesha malipo, barabarani, gari likitembea. Injini ikizimika, usukani unakuwa mzito ghafla, na breki nazo baada ya kukanyagwa mara chache zinakuwa ngumu kama jiwe. Ndani ya gari lile kunaweza kuwa na watoto, na nyuma yake lori. Kama kifaa hicho kimefungwa, namba yake ya siri iwe kwa mtu mmoja tu, na kitumike gari likiwa limesimama, polisi wakiwa wamekwisha kuarifiwa. Deni la siku mbili linadaiwa kwa simu.