Netwaki mtaani: Jinsi ya kulinganisha mitandao ya simu kabla ya kuhama au kubadilisha laini

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,109,735 katika Kaunti ya Kilifi. Ile ya 2019 ilihesabu 1,453,787. Ongezeko hilo linaonekana kwa macho Mtwapa, Kikambala, Mnarani na Mariakani, ambako mashamba yamegawanywa ploti na nyumba za kupanga zimeota upande huu na ule wa barabara.

Mpangaji anayehamia mitaa hiyo huuliza kuhusu maji, umeme, usalama na nauli ya matatu. Swali la netwaki huja baadaye, wakati kodi na amana zimeshalipwa. Hapo ndipo mwenye duka hugundua kwamba malipo ya simu yanakwama kila jioni, mwalimu anakuta mkutano wa mtandaoni unakatika, na mgonjwa analazimika kutoka nje ya nyumba usiku ili apige simu ya kuomba msaada.

Jirani akiulizwa mtandao upi ni bora, hujibu kwa uhakika. Jirani wa pili hutoa jibu jingine kwa uhakika uleule. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu ubora wa netwaki hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, kutoka ukuta hadi ukuta, na kutoka saa hadi saa. Jibu la kutegemewa ni lile ambalo mkazi amelipima mwenyewe, palepale anapoishi au anapotaka kuishi.

Nani hutoa huduma

Kampuni zenye mitandao yao ya simu za mkononi nchini ni Safaricom, Airtel, Telkom na Jamii, ambayo huduma yake hujulikana kwa jina la Faiba. Safaricom ndiyo yenye wateja wengi zaidi, ikifuatwa na Airtel. Faiba ilianza huduma ya simu mwishoni mwa 2017 kwa teknolojia ya 4G peke yake, kwa hivyo simu ya kabambe au simu isiyopokea masafa yake haiwezi kuitumia.

Equitel nayo haina minara yake. Hutumia minara ya Airtel. Hili ni muhimu kwa anayetaka laini ya akiba: mwenye Airtel akiongeza Equitel atakuwa na laini mbili, lakini mnara ukizimika zote mbili huenda zikanyamaza pamoja. Laini ya akiba yenye maana ni ile inayotumia mtandao tofauti.

Asilimia za matangazo zina maana gani

Kampuni husema huduma zao zimewafikia zaidi ya asilimia 90 ya Wakenya. Takwimu hiyo huhesabu watu, si ardhi. Kaunti ya Kilifi ina zaidi ya kilomita mraba 12,000, na wakazi wengi wamekusanyika kwenye ukanda wa bahari na kando ya barabara kuu. Kampuni inaweza kuwafikia watu wengi kwa kuweka minara Mtwapa, mjini Kilifi, Malindi na Mariakani, huku sehemu kubwa za Ganze na Magarini zikibaki na mawimbi hafifu.

Ramani zinazochapishwa na kampuni pia hukadiriwa kwa kompyuta, kwa kutazama mahali minara ilipo na umbo la ardhi. Huonyesha hali ya nje, si ya chumbani. Wala hazionyeshi ni watu wangapi wanaugawana mnara mmoja saa tatu usiku.

Mawimbi hafifu na msongamano

Malalamiko mengi ya netwaki mbovu huwa ni moja kati ya mambo mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mawimbi hafifu. Mnara, ambao wengi huuita busta, uko mbali, au kuna kilima au jengo katikati. Simu huonyesha alama moja au hakuna, na hali huwa mbaya asubuhi, mchana na usiku.

La pili ni msongamano. Mnara uko karibu na simu inaonyesha alama zote, lakini intaneti haisogei. Mnara mmoja una kiasi fulani cha data unachoweza kubeba kwa wakati mmoja, na kila simu iliyounganishwa nao hupewa fungu lake. Mnara uliowekwa wakati mtaa una nyumba 200 hauongezeki uwezo wenyewe mtaa unapofikisha nyumba 2,000. Asubuhi, watu wakiwa kazini Mombasa, intaneti hukimbia. Wakirudi jioni na kufungua video kwa pamoja, hupungua hadi ikasimama.

Katika mitaa inayokua haraka, msongamano ndio huwachanganya watu zaidi, kwa sababu alama za simu zinaonyesha kwamba mambo ni sawa. Alama hizo hupima nguvu ya mawimbi. Hazipimi foleni.

Ndiyo maana mtandao wenye wateja wengi unaweza kuwa na mawimbi makali mtaani na bado ukawa mzito jioni, na mtandao wenye wateja wachache ukawa mwepesi zaidi pale ambapo mawimbi yake yanafika.

Wakazi wa Pwani pia huuliza kwa nini intaneti iwe nzito ilhali nyaya za baharini zinazounganisha Kenya na dunia, kama TEAMS na SEACOM zilizoanza kazi 2009, zinaingilia Mombasa. Nyaya hizo hubeba data nyingi sana, lakini mkazi huipata kupitia mnara wa mtaani. Mnara ukiwa umejaa, ukaribu wa waya wa baharini haumsaidii.

Kuta, paa na umeme

Nyumba yenyewe pia huamua. Mabati huzuia mawimbi, na ukuta mnene wa mawe au zege lenye nondo hupunguza nguvu yake. Paa la makuti huyapitisha kwa urahisi. Kwa hivyo wapangaji wa ghorofa moja wanaweza kupata hali tofauti: wa ghorofa ya juu upande wa mnara anaongea vizuri, na wa chini upande wa nyuma anaenda dirishani.

Masafa nayo yana tabia zake. Masafa ya chini, kama 700, 800 na 900 megahezi, husafiri mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Masafa ya juu, kama 1800 na 2100, hayapenyi vizuri hivyo, lakini kampuni huwa na nafasi kubwa zaidi humo, na kwa hivyo huweza kubeba data nyingi. Kampuni mbili zikitundika vifaa kwenye mnara mmoja, jambo ambalo ni la kawaida sasa, bado huduma zao zinaweza kutofautiana kwa sababu hazitumii masafa sawa wala vifaa sawa.

Umeme ukikatika, mnara huendelea kwa betri au jenereta. Betri zikiisha kabla ya umeme kurudi, mtaa mzima hupoteza netwaki. Anayelinganisha mitandao afanye vyema kuwauliza majirani ni laini ipi hubaki hewani umeme unapopotea kwa saa kadhaa.

Jinsi ya kupima

Upimaji hauhitaji fundi. Mkazi anahitaji simu moja ya 4G, laini za mitandao anayotaka kulinganisha, bando ndogo kwa kila laini, na kalamu na karatasi. Simu iwe ileile kwa laini zote, kwa sababu simu mbili hupokea mawimbi kwa viwango tofauti.

Sehemu za kupima ni tatu: nje ya nyumba, sebuleni, na chumba cha kulala kilicho mbali zaidi na dirisha. Nyakati pia ni tatu: asubuhi, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku. Siku mbili zatosha, moja ya kazi na moja ya wikendi.

Kila mara, mambo manne huandikwa:

1. Nguvu ya mawimbi. Kwenye simu nyingi za Android hupatikana katika mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya laini. Huandikwa kwa dBm na huwa na alama ya kutoa. Kwa 4G, -90 au zaidi, kwa mfano -80, ni nzuri. Kati ya -100 na -110 ni ya wastani kuelekea dhaifu. Chini ya -110 ni hafifu. Kila pointi 10 zinazoshuka, mawimbi yamepungua nguvu mara 10.

2. Simu ya sauti. Mkazi apige simu ya dakika mbili huku akitembea vyumbani, aone kama inakatika au sauti inapotea.

3. Pesa za simu. Aangalie salio la akaunti yake ya pesa na kuhesabu sekunde za kusubiri jibu. Kwa mwenye duka au wakala, hiki ndicho kipimo cha kwanza.

4. Kasi ya intaneti. Programu za bure za kupima kasi huonyesha megabiti kwa sekunde. Kila kipimo huweza kula makumi ya megabaiti, kwa hivyo kisirudiwe ovyo. Mkutano wa video huhitaji takriban megabiti 3 kwa sekunde, za kupakua na za kupakia pia.

Kusoma matokeo

Tuseme laini ya kwanza imeonyesha -82 sebuleni, megabiti 25 asubuhi na megabiti 1 saa tatu usiku. Mawimbi yapo. Tatizo ni msongamano. Kuhamisha simu dirishani au kununua simu mpya hakutasaidia sana.

Tuseme laini ya pili imeonyesha -114 sebuleni, -98 nje, na megabiti 2 saa zote. Hapa mawimbi hayapenyi nyumba. Mkazi anaweza kunufaika kwa kuweka kifaa cha wi-fi karibu na dirisha linaloelekea mnara, au kwa kuchagua chumba kingine.

Mwanafunzi anayesoma usiku huenda akachagua laini ya pili ikiwa na kifaa dirishani. Mwenye duka anayefunga saa kumi na mbili jioni huenda akatosheka na ya kwanza. Karatasi ileile inaweza kutoa majibu mawili kwa watu wawili.

Kuhama na kulalamika

Tangu Aprili 2011, Mkenya anaruhusiwa kuhama kampuni na kubaki na nambari yake. Huanzia kwa kampuni anayohamia, akiwa na kitambulisho. Kabla ya kuhama ahakikishe ametoa pesa zake na kumaliza mikopo ya simu, kwa sababu akaunti ya pesa haihami pamoja na nambari. Wengi huona ni rahisi zaidi kuwa na laini mbili, moja ya pesa na simu, nyingine ya data. Tangu 2018 pia inawezekana kutuma pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine.

Mwenye malalamiko huanza kwa kampuni yake na kuomba nambari ya kumbukumbu. Asiporidhika, hupeleka suala hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo hutoa leseni kwa kampuni na kupima ubora wa huduma zao. Lalamiko lenye tarehe, saa, mahali na vipimo huwa na uzito kuliko neno "netwaki ni mbaya". Nyumba kumi za mtaa mmoja zikiandika pamoja, kampuni hupata sababu ya kukagua mnara.

Nafasi ya kaunti

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, mawasiliano ya simu ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti haiwezi kuiamuru kampuni iongeze mnara. Mipango na ujenzi, hata hivyo, ni jukumu la kaunti. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, mnara mpya huhitaji idhini ya ujenzi ya kaunti, mbali na vibali vya mashirika ya kitaifa yanayosimamia mazingira na usalama wa ndege. Wakazi wana haki ya kutoa maoni.

Katika vikao hivyo, mtaa uleule uliolalamikia netwaki mara nyingi huukataa mnara kwa kuhofia mionzi. Hofu hiyo inastahili kujibiwa, si kupuuzwa. Mawimbi ya redio hayana nguvu ya mionzi ya eksirei, na kuna viwango vya kimataifa vya kiasi kinachoruhusiwa. Wakazi wanaweza kudai waonyeshwe kwamba mnara uliopendekezwa utavizingatia. Pia wajue kwamba simu iliyo mbali na mnara hulazimika kutuma kwa nguvu kubwa zaidi, ikiwa karibu na sikio la mtumiaji, na betri yake huisha haraka.

Notisi ya kikao kuhusu mnara inapobandikwa katika ofisi ya chifu au ya wadi, mkazi aliyepima nyumbani kwake ana jambo la kusema. Anaweza kueleza kama mtaa wake unahitaji mnara mpya au kama uliopo unahitaji kuongezewa uwezo, na akatoa karatasi yake kama ushahidi.