Mvua Moja, Ardhi Tatu

Ardhi yenye kiu kuliko zote Kivu Kaskazini ni uwanda wa lava kati ya Goma na Sake. Mvua hunyesha kwa nguvu, ila mto huuoni: maji hupotelea katika nyufa za mawe meusi, na akina mama huenda na mabidoni Ziwa Kivu. Nyamulagira, volkeno inayolipuka mara nyingi kuliko zote Afrika, ilimwaga lava yake ya 1938 hadi 1940 mpaka ndani ya ziwa hilo, karibu na Sake.

Lava kama hiyo inayomeza maji ndiyo imejenga mabwawa makubwa kuliko yote ya hapa. Iliziba mabonde ya Bashali, yakazaliwa maziwa ya Mokoto, na Ndalaga ndilo kubwa kati yake. Ziwa Kivu nalo lilikatiwa na milima ya volkeno ya Virunga njia ya kuelekea Ziwa Edward, likageukia kusini kupitia Ruzizi.

Lakini inayonitisha kuliko zote ni miteremko ya wilaya ya Masisi. Huko udongo ni mzito wa mfinyanzi, na sehemu kubwa ya msitu ulioushikilia imekatwa kwa ajili ya malisho na mashamba. Mvua za mwanzo huujaza. Zinazofuata hazina pa kuingia. Udongo ulioshiba maji huwa mzito, hulegea juu ya mwamba ulio chini yake, kisha kipande cha mlima huteremka chote kwa pamoja. Tarehe 2 Aprili 2023, karibu na Bihambwe, kifusi kiliwaua watu wapatao 20, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wakifua nguo chini ya mlima. Mwezi uliofuata, Kalehe, Kivu Kusini, mito ya milimani ilishusha mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Walikufa zaidi ya watu 400. Kuilaumu mvua peke yake si haki. Ingeanguka juu ya lava changa, sehemu kubwa ingezama.

Ardhi ya tatu ni Walikale, wilaya pana kuliko zote za Kivu Kaskazini, kilomita za mraba 23,475. Maji ya mito Osso na Lowa yakifika huko chini kutoka Masisi hupunguza mwendo, hutanuka msituni na kutua mchanga. Mafuriko yake huja taratibu, na hukawia kuondoka. Lowa humwagikia Lualaba, sehemu ya juu ya mto Congo, kwa hiyo matope ya Masisi yana njia wazi hadi mto huo, wenye kina kirefu kuliko mito yote duniani, zaidi ya mita 220.