Mafiga, Sakafu ya Udongo na Homa ya Papasi

Apandaye kutoka Same mjini kwenda Chome huianza safari akijipepea na kuimaliza akijifunika. Kila mita 1,000 apandazo, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, na mlima Shengena ulio juu ya kijiji hufikia mita 2,462. Ni rahisi kudhani kuwa baridi hiyo ni ngao dhidi ya wadudu wa ardhini. Dhana hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki imo jikoni.

Tumtazame papasi, jamaa wa kupe aishiye katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurejea mafichoni. Jike akishashiba hutaga mayai mchangani. Kwa kuwa viumbe hawa hawana joto lao wenyewe, udongo ndio huwapangia ratiba: ukiwa na joto la wastani, mayai huanguliwa mapema na watoto hukua upesi, ukipoa, kila hatua hurefuka, baridi ikizidi, uzazi husimama.

Lakini mafiga yanayowaka asubuhi na jioni huupasha udongo unaoyazunguka. Hapo hupatikana kipande cha tambarare juu ya mlima. Ndiyo sababu katika nyumba za nyanda za baridi za Afrika Mashariki, papasi walionekana wakijikusanya kandokando ya meko. Na ni nani tunayemlaza karibu na moto? Ni mzee, na mama aliyejifungua pamoja na kichanga chake.

Madhara yake si madogo. Mwaka 1905, Robert Koch, akiwa katika nchi yetu wakati wa Wajerumani, alionyesha kuwa papasi hueneza homa inayoondoka na kurudi, na kwamba jike huweza kuwarithisha watoto wake vijidudu hivyo kupitia mayai. Mwaka huohuo, daktari Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo nchini Kongo, alifariki kwayo mjini Kasongo. Kwa mjamzito, homa hii huweza kuharibu mimba au kumwondoa mtoto mchanga.

Hata hivyo, hutibika kwa dawa za kuua bakteria. Tatizo ni kwamba hufanana na malaria. Homa ikiondoka kisha ikarudi, tumweleze mganga kuwa tunalala juu ya sakafu ya udongo, ili damu ipimwe kwa hadubini.

Nyumbani, tuzibe nyufa, hasa zilizo karibu na meko. Tulale kitandani, mbali na ukuta. Na tukijaaliwa mifuko michache ya saruji, tuanzie chumba alalacho mama na mtoto. Sebule ya wageni itasubiri.