Njia Saba za Thebes Mjini Vicenza

Je, wajua kwamba mandhari ya mbao yaliyojengwa kwa ajili ya onyesho la Machi 3, 1585 yangali yamesimama jukwaani hadi leo? Yamo Vicenza, kaskazini mwa Italia, katika ukumbi uitwao Teatro Olimpico.

Chama cha wasomi wa mji, Accademia Olimpica, kilimpa kazi msanifu Andrea Palladio mwaka 1580. Palladio alitaka ukumbi kama wa Warumi wa kale, wenye ngazi za kukalia zilizopinda nusu duara. Lakini alipewa nafasi finyu ndani ya boma kuukuu lililowahi kuwa gereza, ikabidi nusu duara hiyo aibane. Agosti mwaka huohuo akafariki. Ukuta wa fahari ulio nyuma ya waigizaji waonekana kama marumaru, kumbe ni mbao na lipu. Sanamu nyingi zilizoupamba ni za wanachama wenyewe, wamevikwa mavazi ya Kirumi.

Tamthilia ya ufunguzi ilikuwa ile ya Mgiriki wa kale Sophocles ambayo sisi tunayo kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi. Kisa kinatokea Thebes, mji wa milango saba. Basi msanifu Vincenzo Scamozzi, aliyeendeleza kazi hiyo baada ya Palladio, akajenga njia saba nyuma ya matao ya ukuta huo. Sifa humwendea Palladio, ila kwangu ufundi mkubwa zaidi uko hapa. Kila njia ni fupi tu, lakini aliyeketi huona barabara inayopotelea mbali. Sakafu hupanda kadiri inavyoingia ndani, kuta hukaribiana, nyumba hupungua kimo, madirisha nayo husinyaa. Jicho limezoea kwamba kilicho mbali huonekana kidogo, likakubali. Scamozzi akaongeza taa za mafuta ili mji huo uwe na mwanga wake.

Mwigizaji ndiye anayeweza kuuharibu udanganyifu huo wa macho. Akienda hadi ndani kabisa, hulingana na paa za nyumba, na papo hapo kila mtu hujua zile ni mbao. Ndiyo maana watu wazima huigizia mbele.

Mbao hizo za zaidi ya miaka 400 zaweza kupinda na kupasuka zikipashwa joto kwa mitambo. Ukumbi hauwekwi vipasha joto wala viyoyozi. Maonyesho hupangwa miezi isiyo na baridi kali wala joto kali, na watazamaji huwa mia chache tu.