Ziara za wanafunzi kwenye urithi wa Wayahudi nchini Polandi

Ziara za wanafunzi kwenye urithi wa Wayahudi nchini Polandi ni safari za mafunzo zinazopangwa na shule za sekondari kutoka nchi mbalimbali, hasa Israel, Uingereza, Ujerumani na Marekani. Vijana hupelekwa kuona mahali ambapo Wayahudi waliishi kwa takriban miaka 1,000, na mahali ambapo wengi wao waliuawa na Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Safari fupi ni ya siku 1 tu. Ndefu huzidi wiki.

Kwa nini Polandi

Mwaka 1939 Polandi ilikuwa na Wayahudi takriban milioni 3.3, yaani kama mtu 1 kati ya 10. Katika jiji la Warszawa walikuwa karibu theluthi moja ya wakazi. Historia yao inarudi nyuma hadi zama za kati: mwaka 1264 mtawala Bolesław alitoa hati ya Kalisz iliyowapa ulinzi wa kisheria, na katika karne zilizofuata Wayahudi waliofukuzwa sehemu nyingine za Ulaya walipata makazi huko.

Katika Holokosti, yaani maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, waliuawa watu takriban milioni 6. Karibu nusu yao walikuwa Wayahudi wa Polandi. Wajerumani walijenga kambi za maangamizi katika Polandi waliyokuwa wameivamia: Auschwitz-Birkenau, Treblinka, Bełżec, Sobibór, Chełmno na Majdanek. Wanafunzi wanapaswa kulielewa jambo hili kabla ya kuondoka kwao, kwa sababu kuziita "kambi za Wapolandi" ni kosa linalowaumiza wenyeji. Mwaka 2007 UNESCO ilibadilisha jina rasmi la Auschwitz katika orodha ya Urithi wa Dunia ili lionyeshe wazi kwamba ilikuwa kambi ya Wanazi wa Ujerumani.

Historia ya ziara hizi

Wizara ya Elimu ya Israel ilianza kutuma makundi ya wanafunzi mwaka 1988, wakati utawala wa kikomunisti nchini Polandi ulipokuwa ukilegea. Mwaka huohuo yalianza Matembezi ya Walio Hai, ambapo vijana Wayahudi kutoka nchi nyingi hutembea kutoka Auschwitz hadi Birkenau katika siku ambayo Israel huwakumbuka waliouawa. Nchini Uingereza, shirika la Holocaust Educational Trust lilianzisha mwaka 1999 mpango ambao wanafunzi wa miaka 16 hadi 18 huruka kwenda Polandi na kurudi siku hiyohiyo. Hata hivyo safari hiyo ni sehemu tu ya mpango: kuna semina kabla ya kuondoka na nyingine baada ya kurudi, kisha wanafunzi huwaeleza wenzao shuleni waliyojifunza.

Ziara zimegusa pia siasa. Mwaka 2022 Israel ilisimamisha safari zake kutokana na mvutano na serikali ya Polandi juu ya walinzi wenye silaha wanaoandamana na wanafunzi, na juu ya yale wanayofundishwa. Makubaliano yalifikiwa mwaka 2023, lakini baadhi ya wanahistoria walilalamikia orodha ya maeneo yaliyopendekezwa ndani yake.

Mpangilio wa ratiba

Swali gumu kuliko yote katika kupanga ziara ni lipi litangulie. Njia rahisi ni kutua Kraków, kupanda basi asubuhi kwenda Auschwitz na kurudi nyumbani. Mwanafunzi aliyepita njia hiyo bila maandalizi amewaona Wayahudi kama maiti tu: hajui walisoma nini, waliuza nini, walibishana juu ya nini. Kwa sababu hiyo waandaaji wenye uzoefu huanza na maisha, na kambi huja baadaye.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Kazimierz. Ulikuwa mji wa pekee, ulioanzishwa mwaka 1335, na leo ni mtaa wa Kraków. Mwaka 1495 Wayahudi wa Kraków walihamishiwa huko. Sinagogi ya Kale ndiyo sinagogi kongwe kuliko zote zilizosimama bado nchini; sasa ni makumbusho. Karibu nayo iko sinagogi ya Remuh ya karne ya 16, ambamo sala zinaendelea hadi leo. Nyuma yake ni makaburi alipozikwa rabi Moses Isserles, ambaye maelezo yake juu ya sheria za dini yanafuatwa bado na Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Ukuta mmoja wa makaburi hayo umejengwa kwa vipande vya mawe ya makaburi yaliyovunjwa.

Kutoka Kazimierz wanafunzi wanaweza kuvuka daraja la mto Vistula kwa miguu hadi Podgórze, ambako Wajerumani waliwafungia Wayahudi katika geto kuanzia Machi 1941. Viti vikubwa vya chuma vimewekwa katika uwanja walikokusanywa kabla ya kupelekwa kambini. Wageni wengi hudhani geto lilikuwa Kazimierz, kwa kuwa filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993 kuhusu Oskar Schindler ilipigwa huko kwa sehemu. Matembezi hayo mafupi huondoa kosa hilo bila hotuba.

Warszawa ni ngumu zaidi kufundishia, maana geto lake lilibomolewa kabisa baada ya uasi uliodumu kuanzia tarehe 19 Aprili hadi 16 Mei 1943. Mwanafunzi anasimama kati ya majengo ya ghorofa yaliyojengwa baada ya vita na kuambiwa kwamba hapa walibanwa watu zaidi ya 400,000. Makumbusho ya POLIN, ambayo maonyesho yake makuu yalifunguliwa mwaka 2014, yanasaidia kwa kusimulia miaka 1,000 yote, na Holokosti ni sehemu moja tu ya masimulizi hayo.

Lakini hazina kubwa kwa mwalimu ni nyaraka za Emanuel Ringelblum, mwanahistoria aliyekusanya kundi la siri ndani ya geto. Kundi hilo liliitwa Oneg Shabbat, yaani "furaha ya Sabato", kwa kuwa lilikutana siku za Jumamosi. Wanachama wake walikusanya shajara, matangazo, insha za watoto wa shule, tiketi za tramu, hata karatasi za peremende, wakitaka historia yao iandikwe kwa ushahidi wao wenyewe na si wa wauaji. Vitu hivyo vilifukiwa ardhini katika masanduku ya bati na makopo makubwa ya maziwa. Sehemu ya kwanza ilipatikana mwaka 1946, ya pili mwaka 1950. Ya tatu haijapatikana. Ringelblum mwenyewe aliuawa mwaka 1944. Mwanafunzi aliyesoma darasani insha mojawapo, halafu akaliona kopo lenyewe, hahitaji kuelezwa kwa nini historia ina thamani.

Treblinka, kaskazini-mashariki mwa Warszawa, ndiko walikopelekwa wengi wa watu wa geto katika miezi ya Julai hadi Septemba 1942. Wanazi waliibomoa kambi hiyo, hivyo hakuna jengo la kuonyesha. Kuna mawe takriban 17,000 yaliyosimamishwa, mengi bila maandishi, mengine yakiwa na majina ya miji. Jiwe moja lina jina la mtu: Janusz Korczak, daktari na mwandishi aliyekwenda kufa pamoja na watoto yatima karibu 200 aliowalea.

Kutembelea Auschwitz

Auschwitz iko kwenye mji wa Oświęcim, takriban kilomita 65 kutoka Kraków. Waliuawa hapo watu kama milioni 1.1, na takriban milioni 1 kati yao walikuwa Wayahudi; wengine walikuwa Wapolandi, Waroma na wafungwa wa kivita Wasovyeti. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1947. Kuingia ni bure, ila nafasi huwekwa mapema na makundi huongozwa na mwongozaji wa makumbusho, ambaye hulipwa. Kwa miezi yenye wageni wengi ni vema kuagiza miezi kadhaa kabla.

Makumbusho yanashauri watoto chini ya miaka 14 wasiletwe. Ziara ina sehemu mbili zilizoachana kwa zaidi ya kilomita 3: majengo ya matofali ya Auschwitz I, yenye viatu, masanduku ya safari na nywele za waliouawa, na uwanja mpana wa Birkenau, ambako vyumba vya gesi vimebaki magofu. Zinahitaji angalau saa tatu na nusu. Kupiga picha kumekatazwa katika chumba chenye nywele na katika ghorofa ya chini ya jengo namba 11.

Jioni ya siku hiyo isipangwe kitu kingine isipokuwa chakula na mazungumzo. Wapo wanafunzi wanaolia, na wapo wasiohisi chochote kisha wakajilaumu. Mwalimu awaambie mapema kwamba hali zote mbili ni za kawaida. Anayeomba kubaki nje ya jengo fulani aruhusiwe, akiwa na mwalimu mmoja.

Mambo ya kuzingatia

Sinagogi na makaburi ya Wayahudi hufungwa siku ya Sabato, kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku, na pia katika sikukuu zao. Makumbusho ya POLIN hufungwa Jumanne. Ratiba isiyotazama kalenda hiyo huishia mlangoni. Wanaume na wavulana hufunika kichwa wanapoingia sinagogi au makaburini. Wageni huweka jiwe dogo juu ya kaburi badala ya maua. Wanafunzi Wayahudi wa ukoo wa makuhani huenda wasiingie makaburini, kwa kuwa desturi yao inawakataza.

Polandi iko katika eneo la Schengen, kwa hiyo wanafunzi wa darasa moja wenye pasipoti za nchi tofauti wanaweza kuhitaji viza tofauti, na hilo hushughulikiwa kabla ya kulipia ndege. Fedha inayotumika ni zloti. Baridi ya Januari katika uwanja wa Birkenau ni kali, na hakuna pa kujikinga na upepo.

Ukosoaji

Nchini Israel gharama ya safari imekosolewa kwa kuwaacha nyuma watoto wa familia maskini. Wakosoaji wengine wanasema kundi linalotoka basini na kurudi basini, likizungukwa na walinzi, huiona Polandi kama kaburi moja kubwa na Wapolandi kama maadui. Baadhi ya shule hujibu kwa kuweka siku ya kukutana na wanafunzi wa shule ya Kipolandi, au kutembelea kituo cha jumuiya ya Wayahudi kilichofunguliwa Kazimierz mwaka 2008, ambako jumuiya ndogo ya Kraków hukusanyika kwa chakula cha Sabato.