Kukataa Kukana: Onyesho la Mwisho la Kinjeketile

Katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), inayohusu Vita vya Maji Maji (1905–1907), Ebrahim Hussein anaweka kilele cha tanzia nje ya uwanja wa mapambano: katika ungamo linalokataliwa. Risasi zimekwisha kuthibitisha kuwa maji hayakingi. Wajerumani wanamtaka Kinjeketile, aliye kifungoni, atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, mfungwa mwenzake, anamsihi akubali. Anakataa. Kinjeketile hatetei tena nguvu ya maji; anachohofia ni vizazi vijavyo kuaminishwa kuwa dai la uhuru nalo lilikuwa uongo. Usomaji unaomwona kama mganga mpotoshaji tu hupuuza tofauti hiyo: udhaifu wa kinga haubatilishi haki ya waliopigana.